Hukumu ya Karani

Watu wakisikia kwamba fulani alikuwa askari wa magereza, mawazo yao huenda moja kwa moja kwenye funguo, bunduki na kirungu. Mimi niliitumikia kazi hiyo mpaka nikastaafu, na funguo za mabweni sikuzishika ila mara chache, mwenzangu alipougua. Chombo changu kilikuwa kalamu. Nilikaa katika chumba kidogo kando ya lango kuu, pamoja na meza moja, kabati la chuma, sanduku la hati na madaftari makubwa yenye jalada gumu. Kila aliyeingia gerezani alipita mbele ya meza yangu akaandikwa, na kila aliyetoka alipita hapo hapo akaweka dole gumba. Wenzangu waliniita karani. Wafungwa waliniita afande, kama walivyomwita kila mwenye magwanda.

Nilipopata likizo nilirudi nyumbani, hapa Ndundu, kando ya mto Rufiji. Jioni barazani hakukosekana mtu wa kuniuliza, "Hivi huoni uchungu kuwafunga wenzio?" Jibu nilikuwa nalo tayari siku zote. Nilisema, "Mimi simfungi mtu. Polisi anakamata, hakimu anahukumu, askari wa zamu anafunga mlango. Mimi naandika tu." Waliouliza waliridhika, nami niliridhika kuliko wao. Miaka mingi nililala usingizi mzuri juu ya jibu hilo. Sasa nataka kulichunguza, maana nimekuja kuona kwamba halikuwa kweli.

Kwanza msomaji aielewe kazi yenyewe. Gereza haliendeshwi na walinzi peke yao. Yuko anayesimamia jiko na masufuria ya ugali na maharage. Yuko mtunza stoo anayepima unga na kugawa mablanketi. Yuko dereva wa karandinga anayewapeleka mahabusu mahakamani, yuko tabibu wa zahanati, yuko askari wa lango anayepekua vifurushi vya wageni na kupokea barua. Katika hukumu ya mahakama hatajwi hata mmoja wao. Hakimu anaposema, "Utakwenda jela miezi 9," hasemi blanketi litakuwa zito au jepesi, wala hasemi barua ya mke itafika lini. Hayo huamuliwa na watu wadogo, siku baada ya siku, bila ya joho wala nyundo, na hakuna rufaa dhidi yao.

Chukua mfano wa dereva. Mahabusu ni mtu ambaye hajapatikana na hatia. Siku ya kesi yake ikifika na gari likawa bovu, au mafuta hayapo, kesi huahirishwa, naye hurudi bwenini kusubiri tarehe nyingine. Katika sheria hakuna kosa liitwalo gari bovu. Lakini gari likiharibika, anayelilipa ni yule aliye ndani, na hulilipa kwa siku za maisha yake. Tume ya kuangalia haki jinai, iliyoundwa mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizunguka nchi kuwasikiliza wananchi juu ya mambo ya polisi, mahakama na magereza. Ni jambo jema kwamba taifa likae liyatazame mambo hayo kwa ukubwa wake. Mimi hapa nayatazama kwa udogo wake, kutoka kwenye meza yangu.

Kazi ya karani wa kumbukumbu ni kugeuza maneno kuwa tarehe. Hakimu huhukumu kwa miezi na miaka, lakini mlango wa gereza haufunguki kwa miezi. Hufunguka siku fulani, asubuhi fulani. Mfungwa huletwa na hati ya kifungo iliyotiwa sahihi na hakimu. Karani huisoma, huandika jina, kosa, mahakama na tarehe ya hukumu, kisha hupiga hesabu. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa mfungwa wa kawaida, mwenye mwenendo mwema na bidii ya kazi, punguzo la theluthi moja ya kifungo chake. Karani huitoa theluthi hiyo, hupata siku ya kutoka, na huiandika kwa wino. Tangu saa ile tarehe hiyo huwa na nguvu kama ukuta. Mkuu wa gereza huiamini, bwana zamu huiamini, hata mfungwa mwenyewe hufundishwa kuiamini.

Mwezi Novemba 1994 aliletwa kwetu mtu mzima, mwenyeji wa bonde letu hili la Rufiji. Jina lake naliacha. Alikuwa amekamatwa na boriti za mikoko alizozikata delta bila kibali. Watu wa huku wamekata boriti tangu enzi za majahazi yaliyozipeleka Uarabuni, lakini sheria ni sheria, na mikoko nayo ina haki ya kulindwa, kwani ikiisha tutakwisha na sisi. Mwenyewe hakukana. Hakimu alimpa faini au kifungo cha miezi 9. Faini haikupatikana. Dau la mnyonge haliendi joshi.

Hukumu yake ilitolewa tarehe 11 Novemba. Lakini mvua za vuli zilikuwa zimeiharibu njia na gari halikupatikana, ikawa amekaa mahabusu ya polisi mpaka tarehe 22, ndipo alipofikishwa langoni kwetu. Siku ile waliletwa wengi pamoja. Nikaandika tarehe ya kupokewa, 22 Novemba, na nilipofika kwenye safu ya mwanzo wa kifungo, mkono wangu ukaandika tarehe ile ile.

Sheria haina utata hapo. Kifungo huanza siku kilipotamkwa, wala si siku mfungwa alipolifikia lango. Miezi 9 tangu 11 Novemba ni siku 273. Theluthi yake ni siku 91, zinabaki 182. Siku ya 182 tangu 11 Novemba 1994 ilikuwa 11 Mei 1995. Lakini siku ya 182 tangu 22 Novemba ilikuwa 22 Mei, na hiyo ndiyo niliyoiandika. Tofauti ni siku 11. Hesabu hii naikumbuka kwa sababu nimeirudia mara nyingi usiku.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei, wafungwa walipokuwa wamechuchumaa kwenye mistari wakihesabiwa kabla ya kwenda shamba, yule bwana alimwomba nyapara ruhusa ya kuja ofisini. Akasimama mlangoni.

"Afande, shikamoo."

"Marahaba."

Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi, lakini gerezani shikamoo hufuata magwanda, haifuati umri.

"Afande, siku zangu zimekwisha leo."

"Nani kakwambia?"

"Nimehesabu mwenyewe."

Nikafungua daftari, nikapitisha kidole, nikamwambia, "Bado. Wewe tarehe yako 22."

"Afande, nakuomba utazame vizuri. Nyumbani maji yanatoka bondeni. Mlau unanipita."

"Daftari halidanganyi. Rudi kwenye mstari."

Akarudi. Hati yake, ile yenye sahihi ya hakimu na tarehe ya kweli, ilikuwa ndani ya sanduku, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu. Sikunyanyuka.

Kwa msomaji asiyelijua bonde la Rufiji nitaeleza kidogo. Mto wetu hujaa wakati wa masika na kumwagika mashambani. Maji yanapoanza kurudi, huacha matope yenye rutuba, na mkulima huyafuata nyuma kwa nyuma, akipanda mahindi, kunde na mazao mengine katika udongo ulio bado na unyevu. Kilimo hicho ndicho mlau. Mvua hakihitaji, lakini kinahitaji mtu awepo. Ukikawia, jua hukausha udongo wa juu, ardhi hupasuka, na mbegu uliyoitia huota kwa shida au haioti kabisa. Mwenye shamba la mlau huhesabu siku kwa namna ambayo karani wa mshahara wa mwezi haijui. Nami nilijua, kwa kuwa nimezaliwa huku. Ndiyo maana siwezi kujificha nyuma ya ujinga. Aliposema "mlau unanipita", alisema na mtu aliyemwelewa.

Tarehe 22 Mei alitoka. Nilimpa kifurushi chake chenye namba, ndani yake shati, kikoi na kofia alivyoingia navyo, akaweka dole gumba, akaniaga kwa heshima. Mchana, nilipokuwa nafunga jalada lake ili liende kabatini, niliisoma hati. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Nikahesabu tena. Kisha nikalifunga jalada kwa uzi wake, nikalitia kabatini, nikageuza ufunguo. Ufunguo ule wa kabati ndio niliokuwa naushika kila siku. Sikumwambia mtu yeyote.

Basi, je, nilikuwa na hatia gani? Swali hili si jepesi, na sipendi kulijibu kwa kujipiga kifua. Nitazitaja hoja ambazo zilinitetea kwa miaka 6, moja moja, maana naamini wasomaji wengi, wawe makarani, wauguzi, walimu au wenye maduka, wanazo za namna hiyo.

Hoja ya kwanza ilikuwa kwamba sikukusudia. Ni kweli. Tarehe 22 Novemba nilikosea kama anavyokosea mtu yeyote, na kosa lile peke yake nadhani hata mwenyewe angenisamehe. Lakini kosa la Novemba halikuwa na nguvu mpaka Mei. Kwa miezi sita lilikuwa wino tu. Lilipopewa nafasi ya kusahihishwa, kwa mdomo wa mtu aliyekuja kwa adabu na kuomba nitazame vizuri, mimi nilichagua kukaa. Kukaa kule hakukuwa bahati mbaya. Sikumchukia, wala sikutaka kumwonea. Niliona tu kwamba wafungwa wote husema siku zao zimekwisha, na kwamba kunyanyuka kwa kila anayesema ni kujichosha. Nilimpima kwa kundi, wala sikumsikiliza yeye. Nadhani uovu mwingi wa ofisini huzaliwa hivyo. Chuki haimo ndani yake. Mtu ameshajibu kabla hajaulizwa, basi.

Hoja ya pili ilikuwa kwamba yule alikuwa mkosaji, na siku 11 juu ya kifungo cha mtu mwenye hatia si jambo kubwa. Hoja hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo mbovu kuliko zote. Mkosaji ana deni, lakini deni lina kiasi. Anayedaiwa shilingi 100 akatozwa 106 ameibiwa shilingi 6, hata kama alikopa kwa ujanja. Tarehe 11 Mei deni la yule bwana liliisha. Siku ya pili yake aliyelala katika bweni lile hakuwa mkosaji tena. Alikuwa raia mwema wa Tanzania, amefungwa bila kosa, bila polisi kumkamata na bila hakimu kumhukumu. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika ibara ya 15, inasema habari ya haki ya mtu kuwa huru, na kwamba haifai kumfunga mtu ila kwa mujibu wa sheria. Siku zile 11 hazikuwa na sheria. Lakini lazima ziwe na aliyezihukumu, kwani kifungo hakijihukumu chenyewe. Nikitafuta hakimu wa siku zile simwoni mwingine ila yule aliyekuwa amekaa kando ya sanduku. Mimi niliyekuwa nikisema "simfungi mtu" nilimfunga mtu siku 11, peke yangu, wala sikusaidiwa na yeyote.

Hoja ya tatu ilikuwa kwamba kazi ni kubwa na mimi ni mdogo. Makarani ni wachache, wanaoletwa ni wengi, karatasi zinaliwa na mchwa. Haya nayo ni kweli, na anayetaka makarani wasikosee hana budi kuwatazama pia katika hali yao. Lakini udogo hauwezi kuwa na maana mbili. Tukitaka kusifiwa, sisi watu wa kazi ndogo husema kwamba bila sisi gereza halisimami hata siku moja. Tukilaumiwa, husema kwamba sisi si kitu. Lazima tuchague. Kama chakula changu, gari langu na kalamu yangu ndivyo vinavyoibeba adhabu kila siku, basi na dhuluma iliyomo ndani ya adhabu hiyo nimeibeba.

Hata maneno ya wakubwa hupita mikononi mwa wadogo kabla ya kuwa kitu. Tarehe 9 Desemba 2019, katika sherehe za Uhuru, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 5,533. Taifa zima lilisikia namba ile. Lakini ili namba ile igeuke kuwa watu wanaotembea barabarani, makarani katika magereza yote walifungua masanduku, wakasoma hati moja moja, wakaandika majina. Msamaha ni wa Rais, lakini jina lililorukwa ni la karani. Walioandika kanuni za dunia za kuwatunza wafungwa walilijua jambo hili. Kanuni zile za Umoja wa Mataifa, ambazo mwaka 2015 zilipewa jina la Nelson Mandela, mtu aliyekaa kifungoni miaka 27, zinataka hata saa ya mfungwa kuingia na ya kutoka iandikwe. Zamani nilipoona takwa la namna hiyo nilidhani ni ushabiki wa Wazungu wa kupenda makaratasi. Sasa naelewa kwamba aliyelitia alikuwa anawaza mtu aliyekaa bwenini akihesabu.

Sisi Waislamu tumefundishwa tangu utotoni kwamba kila mtu ana malaika wawili wanaoandika matendo yake, wala hawakosei. Nilikuwa nikiwaza habari hiyo kwa hofu, kama mtu anayeandikwa. Haikunipitia akilini, kwa miaka yote ile, kuiwaza kama mtu anayeandika.

Mwaka 2001, nikirudi kazini baada ya likizo, nilikuwa nasubiri pantoni hapa Ndundu. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, lilifunguliwa mwaka 2003, na siku hizo magari ya Kilwa, Lindi na Mtwara yalipanga foleni ndefu kando ya mto, mama lishe wakiuza chai na samaki wa kukaanga. Nikamwona yule bwana ameketi juu ya gunia la choroko. Ndevu zilikuwa zimeingia mvi. Aliponiona akainuka.

"Afande, shikamoo."

Nikamwambia, "Hapana, kaka. Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Akasita, kisha akaitika taratibu, "Marahaba."

Tulikunywa chai. Pantoni lilikuwa ng'ambo na lilikawia, na katika kukawia kule nikamweleza yote: hati, tarehe, kabati. Nilitazamia hasira, na kwa kweli niliitaka, kwa kuwa hasira ingenilipia kidogo.

Akasema, "Nilijua. Nilihesabu kwa mwezi unavyoandama."

"Mbona hukumwambia mkuu wa gereza?"

"Mkuu angekuuliza wewe. Nawe ungefungua daftari lile lile."

Sikuwa na la kusema. Nikamwuliza habari za shamba la mwaka ule. Alisema mkewe alilima kipande alichokiweza, huku mtoto mgonjwa yuko mgongoni. Yeye alipofika udongo ulikuwa umeshaanza kupasuka. Alipanda hivyo hivyo. Mahindi yakaja mpaka magotini, yakanyauka. "Mwaka ule tulikula vya kununua," akasema, na kwa mtu wa bonde maneno hayo ni mazito kuliko yanavyosikika. Kisha akanywa chai yake mpaka mwisho, akaniuliza:

"Na wengine je?"

Nikamwambia, "Wengine gani?"

"Niliokuwa nao. Wao umewatazama?"

Pantoni likafika. Akajitwika gunia, akapanda pamoja na watu wengine, nami nikapanda baadaye na gari. Sikupata jibu la kumpa, wala hakungoja.

Miaka 6 nilikuwa nimejishughulisha na kosa langu, kama lilikuwa dhambi au si dhambi, kubwa au dogo. Yeye aliyetendewa hakuliuliza hilo. Aliwauliza waliobaki ndani. Niliona aibu ya namna nyingine, kwa sababu niligundua kwamba hata majuto yangu yalikuwa yakinihusu mimi mwenyewe.

Niliporudi kazini nilikwenda kwa mkuu wa gereza nikamwambia habari yote, na nikaomba ruhusa ya kulinganisha kila hati iliyokuwa sandukuni na kila tarehe iliyokuwa daftarini. Nilikaripiwa, kwa haki, na ruhusa nikapewa. Kazi ilichukua jioni nyingi. Niliwakuta wafungwa wawili ambao vifungo vyao vilihesabiwa tangu langoni. Mmoja nilimwandika mimi, mwingine aliandikwa na aliyenitangulia. Wa kwanza alikuwa amebakiza siku 4 kwa hesabu ya daftari. Kwa hesabu ya hakimu alikuwa amezidisha mbili. Alitoka siku ile ile. Nilimweleza mbele ya mkuu kwa nini anatoka. Alinitazama kidogo, akachukua kifurushi chake, akaenda zake. Waliokwisha kutoka zamani sikuweza kuwajua wote, maana baadhi ya madaftari yalikuwa yameshaharibika. Hilo limebaki, na litabaki.

Tangu hapo nilijiwekea desturi moja. Mfungwa yeyote akija na kusema siku zake zimekwisha, nilinyanyuka, nikafungua sanduku, nikaitoa hati yake na kumsomea tarehe kwa sauti, tukahesabu pamoja. Nitasema kweli: wengi walikuwa wamekosea wao. Kuna aliyesahau kwamba Februari ni fupi, kuna aliyeomba tu kwa kubahatisha. Mmoja mmoja, kwa nadra, alikuwa sahihi. Kila mara kunyanyuka kule kulinigharimu dakika kama tano. Hata aliyekosea alirudi kwenye mstari kwa namna tofauti na walivyorudi wa zamani, kwani alikuwa ameliona jina lake na sahihi ya hakimu kwa macho yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwahi kulala bwenini, lakini nadhani mtu huweza kuvumilia kifungo kirefu kuliko hesabu asiyoonyeshwa.

Vijana wanaofanya kazi hii siku hizi wana kompyuta, na huniambia kwamba kosa kama langu haliwezekani tena. Nawaombea iwe hivyo. Lakini kompyuta nayo huhesabu tangu tarehe aliyoiandika mtu, na ikikosewa mwanzo hukosa kwa haraka na kwa usafi zaidi, wala haina sanduku hatua tatu kutoka kwenye kiti. Tena siku hizi iko Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, ambayo kwayo hakimu anaweza kumwacha mwenye kosa dogo atumikie adhabu yake kwa kazi za jamii huku analala kwake. Ingekuwapo mwaka 1994, huenda mkata boriti yule asingeiona meza yangu kabisa, na mlau wake asingeukosa. Sheria njema hupunguza idadi ya watu wanaoangukia mikononi mwa makarani. Haiwezi kuwaondolea makarani mikono.

Bado naishi hapa Ndundu. Pantoni halipo, magari hupita juu ya daraja bila kusimama, na mto unaendelea kujaa na kutoka kwa wakati wake. Jioni, vijana wakiniuliza barazani kama nilikuwa nikiwafunga watu, sisemi tena kwamba nilikuwa naandika tu. Nawaambia ndiyo, nilikuwa nawafunga, na kwamba wako ambao niliwafunga kupita walivyohukumiwa. Wengine hunyamaza. Mmoja, mwenye kazi ya kuandika mizani ya mazao, aliniuliza alipokuwa anaondoka kama na yeye kazi yake ni ya namna hiyo. Nikamwambia akawaulize wanaopimiwa.